Uzito wa Mama Abel

Jumanne asubuhi, mbele ya wanaume sita na muuza juisi mmoja, fundi Masalu alitamka kwamba gari la Ignas limelala upande kwa sababu ya uzito wa mkewe.

Hakusema kwa ubaya. Masalu si mtu wa ubaya. Siku hiyo alikuwa tu mtu ambaye bado hajanywa chai, mwenye magari manne yanayomsubiri. Aliinama, akatazama tairi la mbele la kushoto, akapitisha kidole mahali mpira ulipolika hadi nyuzi zikaanza kuchungulia, kisha akasimama na kujifuta mikono kwa tambara.

"Linakwaruza lini?"

"Likikata kona ya kulia," alisema Ignas. "Na kwenye matuta. Krrrr, kama mtu anasaga mtama."

"Na upande huu wa kushoto hukaa nani?"

Sesilia alikuwa bado yumo ndani ya gari, kwenye kiti hicho hicho cha mbele, mkoba magotini. Akajibu mwenyewe, maana alidhani ni swali la kawaida. "Nakaa mimi, baba."

"Hebu shuka kidogo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akashuka. Gari likainuka kidogo, kama gari lolote linavyofanya mtu akishuka. Masalu akanyoosha mkono kulielekea.

"Mmeona?"

Wanaume wote wakaona. Waliokaa kwenye benchi waliona vizuri zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Fundi, hapo shokapu haina kosa. Kosa ni la ugali!" Benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Sesilia naye akacheka. Alikuwa na miaka hamsini na nne, na alikwisha kujifunza kwamba ukichekwa mbele za watu ni heri ucheke mapema, kabla machozi hayajawahi nafasi. Muuza juisi peke yake ndiye hakucheka. Alimimina bilauri ya ukwaju, akamletea, akakataa shilingi yake. "Kunywa, mama, jua kali," alisema, akarudi kwenye ndoo zake. Jambo dogo, lakini Sesilia aliliweka moyoni.

Kilichomuuma si benchi. Kilichomuuma ni Ignas, mume wake wa miaka thelathini, ambaye wakati wote huo alikuwa anasugua ufunguo wa gari kwa pindo la shati, na ufunguo wenyewe haukuwa na uchafu.

"Mama akae nyuma, upande wa kulia," Masalu alimalizia. "Shokapu tutazitazama wiki ijayo."

Lakini wiki ijayo ilikuwa mbali. Jumamosi ya wiki hii hii mdogo wake Sesilia, Sista Suzana, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya utawa, na misa ilikuwa ya saa nne, misheni ya Ushirombo. Sesilia alikwisha kushona kitenge chake, mabega ya kupanda, na katika mawazo yake alikwisha kufika mara nyingi: gari linaingia uani, mlango wa mbele unafunguka, Suzana anamwona dada yake akishuka kama mtu na heshima zake. Maisha yake yote alikuwa amesafiri nyuma ya kitu: nyuma ya baiskeli, nyuma ya lori la pamba, nyuma ya trekta. Siku gari liliponunuliwa, Ignas mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa mbele akasema, "Hapa ni pako." Sasa akapanda nyuma, kulia, akashika kiti kwa mikono miwili.

Kwenye kona ya kwanza ya kulia: krrrr.

"Unasikia?" alisema Sesilia. "Niko huku, na bado linakwaruza."

"Ni kwa sababu bado umo ndani," alisema Ignas.

*

Jioni, wakila, Ignas alikohoa mara mbili. Sesilia alijua kikohozi hicho. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayeleta habari isiyo na miguu.

"Mama Abel."

"Abee."

"Nimewaza juu ya Jumamosi. Ushirombo si hapa karibu. Tairi likipasuka tukiwa wanne ndani ya gari, sisi wawili, mjomba na jirani Mwanaima, itakuwaje?" Akamega tonge, hakulila. "Kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi. Zuri. Lina feni."

"Nani atapanda hilo basi?"

Ignas akaitazama mboga. "Yule ambaye... ambaye gari linamwona mzigo."

"Aha. Mjomba Eliya, basi."

Mjomba Eliya, mjomba wake Ignas, alikuwa na shingo ya fahali na tumbo lililomtangulia mlangoni kama mjumbe wa posa.

"Mjomba ni mtu mzima," alisema Ignas. "Huwezi kumwambia mtu mzima apande basi."

"Na mimi ni mtoto?"

"Sikusema hivyo."

"Sherehe ni ya mdogo wangu wa tumbo moja. Wewe na mjomba wako muingie misheni na gari, mimi nije na feni?"

Ignas akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake, imeegemea kidole chake.

*

Sesilia ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko Nyasubi, hapa Kahama, nyuma ya soko, na asubuhi ya Jumatano alikuwa na blauzi mbili za kupeleka kwa Gangaben, mke wa mzee Mansukhlal, ambaye duka lake linauza vitambaa mbele na mchele nyuma. Alipofika, alipita kwanza nyuma, palipo na mizani kubwa ya magunia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapanda.

"Mama Abel!" Mzee Mansukhlal alitokea kati ya magunia na kalamu sikioni. "Unauza nini?"

"Siuzi, mzee. Shikamoo. Nataka kujua tu."

"Marahaba." Mzee ni mfanyabiashara, mizani ikiwa na kitu juu yake, hawezi kujizuia. Akasogeza kipimo, akakodoa macho. "Themanini na moja."

"Ni nyingi?"

"Gunia ni mia! Gunia hujafika. Nikikununua kwa bei ya gunia, umenipunja kilo kumi na tisa."

Sesilia hakujua kama acheke au ashukuru. Gangaben, aliyesikia yote kutoka dukani, alikuja akichechemea kwa magoti yake mabaya, akamkemea mumewe kwa Kigujarati muda mrefu, kisha akamshika Sesilia mkono na kumketisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe. Akamwagizia chai ya maziwa na tangawizi. Hakumuuliza alikuwa anatafuta nini juu ya mizani. Alivaa tu blauzi, akajitazama kiooni.

"Nzuri. Lakini bega la kushoto limeshuka."

"Bega lako ndilo limeshuka, mama. Blauzi imelifuata."

"Si kwa sababu ya mkoba? Siku ile nilikuja na mkoba mzito."

"Hapana. Mkoba niliuweka kando kwanza. Mtu hapimwi na mkoba wake. Utaupima mkoba badala ya..."

Kikombe cha Sesilia kikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Badala ya nini?" aliuliza Gangaben.

"Mama, wabeja sana kwa chai," alisema Sesilia, akainuka. "Kuna mteja mmoja nimekubali apimwe na mkoba."

*

Gari lilikuwa linalala kwa jirani, Mwanaima, kwenye sakafu ya saruji anapoanikia mpunga. Alhamisi asubuhi Ignas alitoka kwa miguu kwenda kuulizia shokapu za mtumba. Alipopotea tu kwenye kona, Sesilia alifika na futi yake shingoni, chaki, daftari, na sufuria la maji.

"Maji ya nini?" aliuliza Mwanaima.

"Sakafu yako isije ikawa ndiyo mwongo." Akaliweka sufuria chini mbele ya gari, akasubiri maji yatulie. Yalisimama sawa pande zote. "Sakafu haina kosa. Shika huku."

Wakapima. Kutoka chini hadi ukingo wa madigadi juu ya tairi la mbele, upande wa kulia: inchi ishirini na sita. Upande wa kushoto: ishirini na tatu na nusu. Wakarudia, maana cherehani imemfundisha kupima mara mbili. Ikawa ile ile. Upande wa kulia kiganja cha Sesilia kilipita chote kati ya tairi na bati. Kushoto viliingia vidole viwili, na cha tatu kikagoma.

"Inchi mbili na nusu!" alisema Sesilia. "Gauni likipishana inchi mbili na nusu, mteja anarudi na mgambo."

"Labda tairi."

Wakapima matairi. Urefu ulikuwa mmoja, na namba zilizoandikwa ubavuni zilikuwa zile zile, ingawa hakuna kati yao aliyejua zinasema nini. Upepo nao ulikuwepo wa kutosha. Mwanaima aliyapiga teke yote manne, akaridhika.

Sesilia akarudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno.

"Mwanaima, ndani ya gari kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Mimi niko wapi?"

"Uko hapo, na futi."

"Sasa nani amelikalia?"

Mwanaima akafikiri. "Jini."

"Jini hana kilo."

Mwanaima akaingia, akaukata usukani hadi mwisho, akahema kama anachota maji kisimani, na tairi likageuka likaacha nafasi ya kuchungulia. Sesilia akatandika khanga, akapiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya tairi la kulia. Aliiona springi, nene, imejiviringa. Akahesabu pete zake kwa kidole hewani: tano na nusu. Akahamia kushoto.

Nne.

Akahesabu tena. Nne. Na mwisho wa ile springi, pale ilipokaa kwenye kikombe chake cha chuma, haikuwa imechongoka wala kupinda. Ilikuwa bapa, laini, yenye mng'ao wa mstari mmoja chini ya kutu. Miaka thelathini ya kazi ilimwambia anachokiona kabla akili yake haijakubali. Kilichochanika hubaki na nyuzi. Kilichokatwa hubaki na mdomo.

"Umeona jini?" Mwanaima aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Nimeona mkasi wake," alisema Sesilia.

*

Ignas aliporudi mikono mitupu, alimkuta mkewe ameshakaa kwenye gari. Mbele, kushoto.

"Twende kwa Masalu."

"Masalu alisema wiki..."

"Twende, Baba Abel."

Kila kona ya kulia tairi lilikwaruza, na safari hii Sesilia alilisikiliza kwa makini, kama anasikiliza shahidi. Pale gereji, benchi lilikuwa na watu wale wale. Kijana wa ugali alikuwepo. Muuza juisi alikuwepo. Sesilia alishuka, akamwamkia fundi, akampa daftari.

Masalu alilisoma akisogeza midomo. Akalisoma tena. Akamtazama mama, akatazama gari tupu, halafu akatupa jeki chini ya gari na kulitoa lile tairi la kushoto. Akaingiza kichwa. Alipokitoa, alivua kofia yake.

"Mayu, nisamehe," alisema. "Juzi nilitazama juu. Sikutazama chini."

"Imevunjika?" aliuliza mtu wa benchi.

"Haikuvunjika. Chuma kikivunjika chenyewe kinabaki na meno. Hiki kimekatwa kwa msumeno. Pete moja na nusu."

"Nani anayekata springi ya gari la watu?" aliuliza muuza juisi, ambaye alikuwa mgeni kutoka Singida.

Wengine hawakuuliza. Ukanda huu wote, kutoka Kahama hadi Geita, mtu anajua moko ni nini: ni ile patasi ndefu ambayo mchimbaji huipiga kwa nyundo kwenye mwamba, huko chini ya duara lake, shimo la kutafutia dhahabu. Na kila mhunzi atakuambia kwamba hakuna chuma kinachotoa moko nzuri kama springi ya gari. Kwa hiyo vichwa vyote viligeuka polepole kumtazama Ignas, ambaye alikuwa ameanza tena kusugua ufunguo.

"Mwezi wa nane ulikuwa Bulyanhulu," kijana wa bodaboda alikumbuka.

"Nilipeleka abiria."

"Wiki mbili?"

"Alikuwa abiria wa... wa kusubiri." Ignas akamsogelea mkewe, akashusha sauti. "Mama Abel, njoo kando kidogo."

"Sema hapa hapa. Jumanne hukunipeleka kando."

Ignas akatazama benchi. Benchi likasogea mbele kidogo lisikie vizuri.

"Ilitokea rashi, watu wakakimbilia kule porini," alianza. "Watu walisema dhahabu iko juu juu, unaokota kama karanga. Mimi na rafiki yangu Sostenes tukaingia duara. Mwamba mgumu, moko zikaisha makali zote. Mhunzi akasema tumletee chuma cha springi. Sostenes hana gari." Akalitazama gari lake. "Nikasema, pete moja na nusu, gari litajua nini?"

"Mbona upande wa kushoto?" aliuliza Masalu, kwa hamu ya kifundi kabisa.

"Kulia nakaa mimi."

Benchi lililipuka. Mtu mmoja alianguka nyuma na hakujali kuinuka. Sesilia alisubiri hadi waishe.

"Mlipata nini?"

"Maji."

"Nauliza dhahabu."

"Maji, Mama Abel. Mengi. Yalitufukuza." Akaona ni haki aongeze kitu kizuri. "Yalikuwa matamu."

"Na Jumanne, ulijua?"

Hapo ndipo Ignas aliacha kusugua ufunguo. "Nilijua tangu siku ya kwanza lilipokwaruza."

"Ukaniacha."

"Niliogopa. Ulisema nikiingia tena duara nisirudi nyumbani kwako." Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alisimama kama mtoto aliyevunja chungu. "Fundi aliposema ni uzito, nikaona, afadhali. Nikaona uzito hauumi."

"Unauma," alisema Sesilia.

Hakupaza sauti. Lakini kicheko cha benchi kilikatika, na hata nyundo ya jirani ilitulia. Kijana wa bodaboda akatazama kandambili zake.

"Nilipanda mizani ya mchele," Sesilia aliendelea, polepole. "Mimi, mke wako. Nikasimama kama gunia nijue nimekukosea kilo ngapi."

Ignas alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akageuka, akalielekea benchi, na kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba akasema: "Jamani. Gari nililikata mimi. Mke wangu hana kosa. Mlichokisikia Jumanne mkifute."

"Tumefuta," walisema wawili watatu.

"Mama," alisema kijana wa bodaboda, "ile ya ugali..."

"Ugali wangu uko sawa," alisema Sesilia.

"Uko sawa, mama."

Mwanamume mmoja mwenye gari la bluu, ambaye shemeji yake aliliazima mwezi mzima, aliondoka kimya kimya kwenye benchi akaenda kupiga magoti kando ya tairi lake mwenyewe.

*

Masalu alisema springi hubadilishwa zote mbili, la sivyo gari litaegemea upande wa pili na ugomvi uanze upya. Ijumaa alipata jozi ya mtumba isiyoguswa na msumeno. Ignas alizilipia kwa kuuza kofia yake ya mgodini, taa ya kichwani na mabuti, vitu ambavyo Sesilia hakujua hata vilikuwa vinakaa wapi. Pesa ya kazi Masalu hakutaka. "Jumanne nilishalipwa," alisema. "Nilicheka." Lile tairi lililolika akalitupa, akafunga la akiba, na hakukusanya spana zake mpaka Sesilia alipopitisha futi: ishirini na sita kulia, ishirini na sita kushoto.

Jumamosi saa moja asubuhi Mjomba Eliya alikuwa ameshajaa kiti cha nyuma, na Mwanaima, aliyesema masista ni watu wema kwa Waislamu na Wakristo na yeye hakosi pilau ya mtu mwema, alibanwa pembeni akiwa na hotpoti mbili. Ignas alisimama kando ya mlango wa mbele wa kushoto, ameufungua, shati limepigwa pasi, kama mlinzi wa benki. Sesilia alipita mbele yake katika kitenge chake cha mabega ya kupanda, akaketi, akaweka mkoba magotini. Tangu Alhamisi alikuwa anampikia, anamwamkia, anampasia chumvi, lakini maneno aliyompa yangetosha kuandikwa kwenye lebo ya shati.

Walifika kwenye kipilefti mahali pa kushika barabara ya Ushirombo. Ignas akapunguza mwendo, akakata usukani. Gari likaegemea kushoto, upande wa Sesilia, na wote wanne wakashika pumzi.

Kimya. Tairi lilizunguka kama linazunguka kwenye pamba.

Ignas alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Mkewe alitazama mbele. Basi Ignas akaipita njia ya Ushirombo, akazunguka tena. Kimya. Akazunguka mara ya tatu.

"Ignas," alisema Mjomba Eliya, "Ushirombo tumeshaipita mara mbili."

"Najua, mjomba."

Mara ya nne askari wa usalama barabarani, mwanamke mwenye glavu nyeupe na sura isiyotaka mchezo, aliinua mkono. Ignas akasimama, akateremsha kioo.

"Shikamoo, baba. Umepotea?"

"Marahaba. Hapana, afande. Namwomba mke wangu msamaha."

Askari akainama. Akamwona Mjomba Eliya, akaziona hotpoti, akamwona Sesilia na kitenge chake. "Kwa kuzunguka?"

"Ndiyo, afande. Lilikuwa linakwaruza upande wake. Nikasema ni uzito wake. Kumbe nilikata springi mimi."

Askari alifungua kijitabu chake cha makosa. Huenda alikuwa anatafuta kosa hilo limeandikwa kifungu gani. Kisha akazunguka mbele ya gari, taratibu, akaja kusimama dirishani kwa Sesilia.

"Mama, umemsamehe?"

Sesilia alijizuia, lakini kona ya mdomo ilikwisha kumsaliti.

"Saa ngapi sasa, mwanangu?"

"Saa moja na robo."

"Misa ni saa nne," alisema Sesilia, akijiweka vizuri kwenye kiti. "Muda upo. Mwache azunguke mara moja tena."

Askari akasimama wima, akainua glavu yake nyeupe, akalizuia lori la mahindi lililokuwa linakuja na mabasi mawili nyuma yake, akawapungia mkono wapite.